Dhiki ya askari katika riwaya ya Gurnah haiishii vitani

WANAFUNZI wa fasihi wakiulizwa waeleze jinsi riwaya fulani ya vita inavyosawiri maisha ya askari, wengi hukimbilia uwanja wa mapigano. Watakuandikia kuhusu mizinga, mahandaki, majeruhi na maiti. Hawajakosea, maana vita ni hayo pia. Lakini hebu msikilize mtu aliyewahi kuwa jeshini. Atakwambia kwamba siku za risasi huwa chache. Siku nyingi ni za kutembea, kungoja, kulala njaa, kutukanwa na kuugua. Riwaya ya vita iliyoandikwa vizuri huijua hesabu hiyo.

Juma hili ningependa tuitazame riwaya moja inayoijua barabara, Afterlives ya Abdulrazak Gurnah. Ilichapishwa mwaka 2020, mwaka mmoja kabla ya mwandishi huyu mzaliwa wa Zanzibar kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, vita vinavyosimuliwa humo vilipiganwa katika ardhi yetu, kuanzia Taveta na Tanga hadi mto Ruvuma na ng'ambo yake. Pili, ingawa imeandikwa kwa Kiingereza, wahusika wake wanaishi, wanagombana na kupendana kwa Kiswahili. Anayekijua Kiswahili husikia sauti yao chini ya ile Kiingereza.

Nitakachosema ni hiki. Gurnah anatuonyesha kwamba dhiki kubwa kabisa ya askari si kuuawa. Ni kuvunjwa ili naye aweze kuvunja wengine. Kuvunjika huko hakumaliziki siku bunduki zinapowekwa chini.

Vita vya nani?

Tuanze na muktadha. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka Agosti 1914, eneo ambalo leo ni Tanzania Bara, Rwanda na Burundi lilikuwa koloni la Ujerumani. Kenya na Uganda zilikuwa chini ya Waingereza. Mwezi huohuo Wajerumani waliiteka Taveta. Novemba mwaka huo Waingereza, wakiwa na wanajeshi wengi kutoka India, walijaribu kuiteka Tanga. Walichapwa wakarudi merikebuni.

Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alijua kwamba hawezi kushinda vita vile. Nia yake ilikuwa kuwashughulisha Waingereza huku Afrika ili majeshi yao yasipelekwe Ulaya. Kwa hiyo akapigana vita vya kupiga na kukimbia. Novemba 1917 alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji. Baadaye akageuka, akarudi kaskazini, kisha akaingia Rhodesia Kaskazini. Huko ndiko alikosalimu amri tarehe 25 Novemba 1918, mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Ulaya ilikuwa na amani kwa majuma mawili tayari. Alikuwa amebakiwa na Wajerumani 155 na askari Waafrika zaidi ya 1,100.

Jeshi lake liliitwa Schutztruppe, yaani jeshi la ulinzi. Mtu anaweza kuuliza: ulinzi wa nani, dhidi ya nani? Kabla ya 1914 jeshi hilo lilikuwa limepigana karibu daima na wenyeji wa nchi. Lilizima upinzani wa pwani uliohusishwa na Abushiri mwaka 1888 na 1889, likawapiga Wahehe wa Mkwawa, kisha likaizima Maji Maji kati ya 1905 na 1907 kwa kuchoma vijiji na mashamba hadi njaa ikamaliza watu. Gurnah anaijua historia hii na anaiweka mwanzoni mwa riwaya, ili msomaji akutane na askari akiwa tayari anajua kazi yao.

Wahusika wetu wawili wakuu katika mada hii ni Ilyas na Hamza. Ilyas alitoroka nyumbani utotoni, akachukuliwa na askari mmoja kwa nguvu, kisha akasomeshwa katika shule ya misheni ya Kijerumani. Anawaamini Wajerumani. Vita vinapokaribia, rafiki yake Khalifa anamwonya kwamba ugomvi huo ni wa wavamizi wawili na haumhusu. Ilyas hasikii. Anajiunga, akimwacha nyuma dadake mdogo, Afiya. Hamza naye ni kijana ambaye babake alimtoa kwa tajiri kama rehani ya deni. Anajiunga na jeshi kwa hiari akikimbia maisha yale. Wote wawili hawakukamatwa kwa kamba. Walijipeleka wenyewe, na hapo ndipo msiba wao unapoanzia.

Kuvunjwa kwanza

Sura za mafunzo ya Hamza ni miongoni mwa sehemu nzito zaidi za riwaya, ingawa hakuna adui hata mmoja anayeonekana humo. Makuruta wanatembezwa hadi bomani ndani ya bara. Wanakaguliwa miili, wanafokewa, wanapigwa, wanafundishwa gwaride. Kila kitu kinaamrishwa kwa kelele. Wanaambiwa kwamba kabla ya kufika pale walikuwa washenzi tu.

Hapa Gurnah anafanya jambo ambalo waandishi wengi hawathubutu. Hatuonyeshi Hamza akiumia tu. Anatuonyesha pia kwamba kadiri siku zinavyopita, Hamza anaanza kuona raha fulani katika nguvu za mwili wake na ustadi wake mpya. Sare, kofia na bunduki vinampa heshima asiyowahi kuipata kwa yule tajiri. Naam, jeshi linamvunja, kisha linamjenga upya kwa mfano wake. Mtu aliyekuwa rehani ya deni anakuwa mtu wa kuogopwa. Msomaji anaelewa, bila ya kuhubiriwa, kwa nini vijana wengi waliingia mlango ule.

Katika jeshi hilo palikuwa na adhabu iliyojulikana kote nchini kama hamsa ishirini, viboko 25 vilivyopigwa hadharani. Tazama jinsi lugha inavyotunza maumivu. Hamsa ni Kiarabu kwa tano. Hesabu hiyo imefika kwetu kupitia midomo ya askari wa mwanzo, ambao wengi wao walikuwa Wasudani waliosajiliwa Misri. Watu waliopigwa hawakuhitaji kuelezwa hesabu. Waliijua kwa migongo yao.

Miguu na tumbo

Vita vyenyewe vinapoanza, Gurnah hatupi mapigano mengi kama tulivyozoea kwenye sinema. Mapambano makubwa yaliyojaza vitabu vya historia yanapita haraka, mara nyingine kwa aya moja ya muhtasari. Anachokaa nacho ni mwendo. Jeshi linarudi nyuma na kurudi nyuma tena, mwezi baada ya mwezi, kwenye mvua, matope na vichaka. Sare zinachakaa. Dawa zinakwisha. Malaria, kuhara damu na vidonda vinaua kuliko risasi.

Halafu kuna njaa. Jeshi linalokimbia halina ghala. Linakula linachokikuta. Askari wanaingia kijijini, wanachukua nafaka, kuku, mbuzi na wanaume wa kubeba mizigo, kisha wanachoma kinachobaki ili Waingereza wanaofuata wasikute kitu. Waingereza nao wakifika wanatafuta chao. Wahenga walisema fahali wawili wapiganapo nyasi huumia. Katika vita hivi mambo yalizidi methali, kwa sababu sehemu ya nyasi ilipewa bunduki ikaambiwa iwapiganie fahali.

Ukitazama fani, utaona kwamba Gurnah anasimulia haya kwa nafsi ya tatu, kwa sauti tulivu, karibu baridi. Hakuna mshangao wala kilio. Kijiji kinachomwa katika sentensi moja na katika sentensi inayofuata safari inaendelea. Mwanzoni msomaji anaweza kudhani mwandishi hajali. La hasha! Utulivu huo ndio usawiri wenyewe. Ndivyo macho ya askari yanavyokuwa baada ya mwaka wa pili au wa tatu: yanaona, lakini hayasimami. Mwandishi angelia kwa niaba yetu, tungelia naye tukasahau. Anapokataa kulia, sisi ndio tunaosimama.

Ngazi ya mateso

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mimi naliona ndilo kiini. Jeshi analolichora Gurnah ni ngazi. Juu kabisa wako maafisa wa Kijerumani. Chini yao wako maafisa wadogo wa Kijerumani, kisha askari Waafrika wenye vyeo, kisha askari wa kawaida, kisha maboi wanaowatumikia askari, kisha wapagazi. Nyuma ya wote wanafuata wake na watoto wa askari, ambao nao walitembea mwendo uleule. Chini ya ngazi nzima wako wanakijiji. Kila aliye kwenye kipago kimoja anakanyagwa na wa juu yake, naye anamkanyaga wa chini. Tusi linalotoka juu kwa Kijerumani linafika chini kwa Kiswahili.

Wapagazi ndio walioona cha mtema kuni. Askari alikuwa na mshahara, angalau kwenye daftari. Alikuwa na bunduki na sare. Mpagazi alikuwa na mzigo kichwani. Aliyeanguka aliachwa njiani. Aliyetoroka na kukamatwa aliadhibiwa vikali. Upande wa Waingereza hali haikuwa bora. Inakadiriwa kwamba waliandikisha takriban watu milioni moja kubeba mizigo katika vita hivi, wengi wao kutoka Kenya, Uganda na maeneo waliyoyateka ya Tanganyika. Vifo vilivyoandikwa rasmi vinapita 40,000, na wanahistoria wengine hukadiria kwamba waliokufa walikaribia 100,000. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps. Mkaazi wa Nairobi anayeshuka Kariokor kununua vyondo, na mwenzake wa Dar es Salaam anayekwenda sokoni Kariakoo, wanalitaja jina la kikosi hicho kila siku. Ulimi wa Kiswahili ulilichukua jina la Kiingereza, ukalilainisha, na makaburi yale yakawa soko.

Vyeo vya askari navyo vina historia yake. Katika riwaya tunakutana na ombasha na shaush. Maneno haya ni ya Kituruki yaliyopitia jeshi la Misri na Sudan. Ombasha asili yake ni mkuu wa watu kumi, na shaush ni sajini. Vyeo hivyo vimekufa katika matumizi yetu ya leo, ila ndugu yao mmoja bado yu hai na tunamwita kila siku: afande. Neno hilo ni efendi ya Waturuki, yaani bwana, cheo cha juu alichoweza kukifikia askari Mwafrika katika jeshi la Wajerumani. Ukimwita polisi wa barabarani afande, unatumia neno lililosafiri kutoka Istanbul hadi Khartoum hadi Bagamoyo kwa miguu ya askari. Pesa nayo ina simulizi yake. Hela, neno ambalo hasa Watanzania hulitumia sana, ni Heller, sarafu ndogo ya Wajerumani ambayo mia moja zake zilifanya rupia moja. Sarafu yenyewe imetoweka ila jina lake bado tunalitumia.

Nayasema haya kwa sababu wako wanaodhani riwaya ya vita ni ya wanahistoria, na sisi watu wa lugha tungoje riwaya za mapenzi. Mwandishi anapotia ombasha katikati ya sentensi ya Kiingereza bila ya tafsiri, anamwambia msomaji kwamba jeshi hili lilikuwa na lugha yake, na lugha hiyo ilikuwa Kiswahili cha amri. Kiswahili tunachokisifu kwa ushairi na adabu ndicho kilichotumika kuamrisha kijiji kichomwe. Anayekipenda Kiswahili hana budi kuyajua yote mawili.

Wema unaotisha

Dhiki nyingine ya Hamza haifanani na kipigo. Afisa mmoja mwenye cheo cha Oberleutnant, yaani luteni, anamchagua awe mtumishi wake. Anamfundisha Kijerumani. Anajigamba kwamba atamfikisha mahali pa kumsoma mshairi Schiller. Anamtazama kwa namna inayomchanganya Hamza, maana kijana huyu anamkumbusha mdogo wake aliyefariki. Wenzake Hamza wanamcheka na kumsengenya. Mjerumani mwingine, sajini anayeitwa Feldwebel, anamchukia kwa upendeleo huo.

Je, afisa huyu ni mtu mwema? Gurnah hajibu kwa urahisi. Afisa anamfundisha Hamza lugha kama mtu anayemfundisha kasuku, kwa ajili ya kujifurahisha. Anaweza kumpiga na kumbembeleza siku moja. Hata hivyo ndiye anayefika mahali akakiri kwamba ule uitwao utume wa ustaarabu ulikuwa uongo na mauaji. Hamza yumo mikononi mwake kabisa. Hawezi kuukataa wema huo, kama asivyoweza kukataa kiboko. Askari anayedhulumiwa waziwazi angalau anajua amchukie nani. Anayefadhiliwa na mdhulumu wake hana pa kuiweka hasira yake, na huenda akaishia kujichukia mwenyewe.

Mwishoni mwa vita, baada ya baadhi ya watu wao kutoroka usiku, Feldwebel anamgeukia Hamza kwa hasira na kumkata nyongani kwa upanga. Angalia vizuri. Jeraha kubwa la Hamza katika vita vyote halikutoka kwa Mwingereza, Mhindi wala Mbelgiji. Limetoka kwa mkubwa wake mwenyewe. Adui aliyekuwa mbele ya bunduki kwa miaka minne hakumfanyia alichofanyiwa na upande wake. Kama mtu atataka kueleza kwa tukio moja riwaya hii inavyosawiri dhiki za askari, basi achague hili.

Kidonda baada ya amani

Nusu ya riwaya inafuata baada ya vita, na kichwa cha kitabu kinazungumzia maisha yanayokuja baada ya mengine. Hamza anauguzwa katika misheni, kisha anarudi pwani akichechemea. Hana fedha, hana sifa, hana medali. Anapata kibarua kwa mfanyabiashara, anajifunza useremala, analala kijichumba cha uani. Watu wakimuuliza alikotoka, anajibu kwa mkato. Usiku anaota ndoto mbaya.

Katika mji huo anakutana na Afiya, dadake Ilyas. Afiya naye ana jeraha. Alipoachwa na kakake, mlezi wake alimpiga hadi akamvunja mkono, kisa na maana aligundua kwamba msichana huyo anajua kuandika. Hapa Gurnah anaweka majeraha mawili nyumba moja: nyonga ya askari na mkono wa msichana. La kwanza ni la vita, la pili ni la nyumbani, lakini chanzo chao hakitofautiani sana. Mwenye nguvu amekasirika kwa sababu aliye chini yake amejua kusoma.

Kisha linakuja jambo ambalo sisi wa lugha tungepaswa kulifundisha kwa fahari. Hamza anachukua ubeti wa Schiller, aliojifunza kwa yule afisa, anautafsiri kwa Kiswahili na kumpa Afiya kama ujumbe wa mapenzi. Lugha aliyofundishwa kama mchezo wa bwana anaigeuza kuwa mali yake. Hapigi bunduki tena, anatafsiri. Sitasema kwamba mapenzi yanaponya kila kitu, kwa sababu riwaya yenyewe haisemi hivyo. Hamza anaendelea kuchechemea hadi mwisho. Lakini amepata kitu kimoja ambacho jeshi halikukichukua.

Malipo ya uaminifu

Na Ilyas je, yule aliyewapenda Wajerumani? Kwa miaka mingi familia haijui aliko. Ni mpwa wake, aliyepewa jina lake, anayekuja kugundua baadaye kwamba Ilyas aliishia Ujerumani, akaimba mikahawani, akaandamana na Wanazi waliodai makoloni yarudishwe, kisha akafia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen.

Msomaji anaweza kusema, ala, hapo mwandishi ametia chumvi. Hakutia. Historia inamjua mtu aliyeitwa Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1904, mtoto wa askari Msudani. Aliingia jeshini pamoja na babake vita vilipoanza, akiwa na umri wa miaka kumi. Alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai malimbikizo ya mshahara wake na wa babake. Serikali ikamwambia amechelewa. Alibaki huko, akawa mhudumu wa mkahawa, akaigiza katika filamu, akaomba nishani ya waliopigana akanyimwa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke mzungu. Alifia Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu Husen ambalo linanigusa kama mwalimu. Kwa miaka kadhaa alikuwa msaidizi wa kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin. Maafisa na wasomi wa Kijerumani walijifunza matamshi yetu kutoka kinywani mwake. Tunapohesabu walimu wa kwanza wa Kiswahili ughaibuni, huyu naye awemo.

Baada ya vita, Lettow-Vorbeck alichapisha kitabu cha kumbukumbu kwa vijana wa Ujerumani mwaka 1920, akakipa jina la Heia Safari! Neno safari likawa wimbo wa ushujaa, na picha iliyojengwa ikawa ya askari mwaminifu aliyempenda bwana wake hadi kufa. Ukisoma Afterlives baada ya kujua hilo, utaona Gurnah anaijibu picha hiyo. Safari ya kitabu cha jenerali ni ya bendera na nyimbo. Safari ya Hamza ni ya matope na kuhara damu. Na Ilyas, ambaye ndiye askari mwaminifu kweli, tumeona alivyolipwa.

Pingamizi moja

Mtu anaweza kuniuliza: kwani askari hawa si ndio waliochoma vijiji? Kwa nini tuwahurumie? Swali hili ni la haki na silikwepi. Ndio, walichoma. Walipora, waliwateka watu, waliwapiga wapagazi. Wazee wa kusini mwa Tanzania walikuwa na kila sababu ya kulichukia jina la askari. Mwandishi dhaifu angeliweka jambo hili kando ili tumpende mhusika wake, au angemfanya Hamza malaika anayekataa amri.

Gurnah hafanyi hivyo. Hamza yumo ndani ya jeshi linalofanya maovu, na hatupewi tukio la kumsafisha. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya askari katika riwaya si kusamehewa. Ni kuonekana mzima, akiwa mteswa na mtesaji ndani ya ngozi moja. Riwaya ikituonyesha upande mmoja tu, inatudanganya. Ikituonyesha mateso yake pekee, tunawasahau wanakijiji. Ikituonyesha ukatili wake pekee, tunamsahau aliyempa bunduki na kumfundisha kuitumia.

Kwa walimu wa fasihi, basi, nina pendekezo dogo. Mnapofundisha riwaya yoyote ya vita, wapeni wanafunzi maswali manne badala ya lile moja la athari za vita. Askari huyu alijiunga kwa nini? Nani alimvunja, na kwa njia gani? Yeye alimvunja nani? Na amani ilipokuja, alirudi na nini? Maswali haya yatawafikisha mbali kuliko orodha ya vifo na uharibifu wanayoikariri kwa ajili ya mtihani.

Kwa wafasiri nina ombi. Paradise, riwaya ya Gurnah ya mwaka 1994, tayari tunayo kwa Kiswahili kama Peponi, kazi ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022. Riwaya ile inaishia kijana Yusuf akiukimbilia msafara wa askari wa Kijerumani. Afterlives inatuonyesha kinachompata kijana wa namna hiyo akiufikia msafara. Msomaji wa Peponi anastahili kuendelea na safari hiyo kwa lugha ileile, na mfasiri atakayeifanya kazi hiyo atalazimika kuyatafuta upya maneno ya kambini, ombasha, shaush na hamsa ishirini, kabla hayajasahaulika kabisa.

Na kwa wasomaji wa Nairobi: kwenye Barabara ya Kenyatta yako masanamu matatu ya shaba, likiwemo la askari na la mpagazi, yaliyosimamishwa kuwakumbuka Waafrika waliokufa upande wa Waingereza. Maandishi yake yapo kwa Kiswahili pia. Hayataji jina la mfu hata mmoja. Familia nyingi za Kenya zina babu au babu mkubwa aliyekwenda vita vile asirudi, au aliyerudi akanyamaza kama Hamza. Kama bado yuko mzee nyumbani anayekumbuka jina lake, muulizeni na mliandike.